Mtaji Usiokuwemo Kwenye Bahasha

Zoezi la somo la ujasiriamali lilikuwa moja kwa wote. Tulikuwa Kigoma mjini, kila kundi likapewa bahasha ya shilingi 50,000: nunueni dagaa wabichi Kibirizi, mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, wakausheni, wauzeni, mlete daftari la hesabu.

Kundi mojawapo lilikuwa na binti aliyelelewa na shangazi mwenye chanja, kichanja cha waya cha kuanikia dagaa, hapo hapo mwaloni. Shangazi hakuwapa hata senti. Aliwaambia wasubiri siku za giza, maana mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa na beseni hupanda bei. Akawaazima chanja, akawaongezea mzigo kwa mali kauli, yaani chukua sasa, lipa ukishauza. Juu ya waya upepo unapita pande zote mbili, dagaa wanakauka upesi na hawabebi mchanga.

Vijana wa Kasulu na Buhigwe, wilaya zisizopakana na ziwa, walikuwa na daftari safi kuliko yote. Ila walinunua mwezi ukiwa mpevu, wakaanika mchangani, mvua ikawakuta mchana. Dagaa waliosalimika walipopimwa wakiwa wakavu, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tumeibiwa?"

Hawakuibiwa. Kilo nne mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Mtoto wa Kibirizi hukua akiliona hilo. Kwao hawa hakuna aliyewahi kuligusia. Kumnyima mwanafunzi alama kwa kukosa shangazi ni dhuluma, na hilo nalisema bila kigugumizi.

Nikawataka kila mmoja achore safu tatu: nani atanishauri, nani atanipa mali kauli, nani atanunua. Binti alijaza mbili za mwanzo chapuchapu. Ya tatu ikamgomea, kwani karibu kila anayemjua anauza dagaa. Yule kijana aliyeuliza, safu hiyo ndiyo iliyomjaa: mama mdogo mwenye genge sokoni Kasulu, mpishi wa shule, mama ntilie wa stendi. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza mwaka 1973 kwamba watu tunaojuana nao juu juu mara nyingi ndio hutuletea habari ambazo walio karibu nasi hawana. Pale ubaoni ilionekana wazi.

Tukapanga makundi upya kwa kufuata safu, urafiki tukauweka kando. Shangazi akasita kuwapa mzigo wenzake wapya wa binti, kwa sababu mali kauli hupewa mtu ambaye kwao kunajulikana. Alikubali binti aliposimama dhamana, tena kwa beseni moja tu; la pili likasubiri deni lilipwe.