Kondoo aliyeitwa Jonas Wright

Katika duka letu dogo la kujalidi vitabu hapa Dodoma, swali ninaloulizwa mara nyingi na wanafunzi wanaoleta tasnifu zao ni iwapo jalada watakalopata ni la ngozi halisi. Huwajibu bila kuficha kwamba ni karatasi ngumu iliyofunikwa kwa plastiki yenye mikunjo ya kuigiza ngozi. Hata hivyo, lugha iko upande wao, kwa kuwa maneno jalada na kujalidi yametufikia kutoka Kiarabu, ambako jild maana yake ni ngozi, na kwa karne nyingi kukijalidi kitabu kulikuwa ni kukivika ngozi ya mbuzi, ya kondoo au ya ndama.

Wapo pia waliovika vitabu ngozi ya binadamu, na habari zao ndizo zilizoninyima usingizi wiki hizi. Mtanzania wa rika langu akisikia maneno hayo hukumbuka mara moja wachuna ngozi wa Mbeya, na mimi nilianza kusoma nikitarajia kukutana na watu wa namna ile, waliojificha gizani kwa tamaa ya utajiri. Nilichokikuta ni madaktari wenye heshima zao, waliokuwa na maktaba nzuri nyumbani.

Nianze na kitabu kilichonihusu zaidi. Maktaba ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, inacho kitabu cha sheria za Hispania cha mwanzoni mwa karne ya 17, ambacho kwenye ukurasa wake wa mwisho kuna maandishi ya Kiingereza cha kizamani. Aliyeyaandika anadai kwamba jalada hilo ndilo lililobaki la rafiki yake mpenzi, Jonas Wright, aliyechunwa ngozi akiwa hai na Wavuma tarehe 4 Agosti 1632, na kwamba mfalme Mbesa ndiye aliyempa kitabu hicho pamoja na ngozi ya kutosha kukijalidi. Mwaka 2014 wataalamu walilipima jalada hilo na kukuta ni ngozi ya kondoo.

Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili angepaswa kutilia shaka maandishi hayo kabla ya kipimo chochote. Watu wa visiwa vya Buvuma, katika Ziwa Victoria, huitwa Bavuma kwa Kiganda. Kiambishi wa- ni cha Kiswahili, nacho kiliingia katika vitabu vya Wazungu kupitia wapagazi na wakalimani wa misafara ya karne ya 19. Msafara wa Henry Morton Stanley, kwa mfano, ulipita Mpwapwa na Ugogo mwishoni mwa mwaka 1874 ukielekea ziwa hilo, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1878 Stanley alieleza kwa kirefu vita vya Kabaka Mutesa, aliyemwita Mtesa, dhidi ya Wavuma. Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameliona ziwa lenyewe, John Hanning Speke, alifika mwaka 1858. Mwingereza wa mwaka 1632 angewajuaje Wavuma, tena kwa jina la Kiswahili, pamoja na mfalme ambaye jina lake linakaribia kabisa la Mtesa? Naamini kabisa kuwa ni maandishi ya kughushi ya mtu aliyekwisha kusoma habari za wasafiri hao. Ninachokiona kinaudhi ni wepesi wake: alipohitaji wachunaji wa kusingizia, alijua moja kwa moja awatafute upande gani wa dunia.

Wachunaji wa kweli waliacha sahihi zao. Daktari Mfaransa Ludovic Bouland alijalidi kitabu cha Arsène Houssaye kuhusu majaaliwa ya roho kwa ngozi ya mwanamke aliyefia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha akaandika ndani yake kwamba kitabu kuhusu roho ya mwanadamu kilistahili vazi la kibinadamu. Mwanamke huyo hakuombwa ridhaa. Kule Philadelphia, Mary Lynch alifariki mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 28 katika hospitali ya maskini, na daktari kijana John Stockton Hough, aliyempasua, akachukua ngozi ya paja lake, akaidabaghi, akaitunza kwa miaka mingi, hatimaye akaitumia kujalidi vitabu vitatu kuhusu afya ya wanawake.

Kuipambanua ngozi kwa macho ni kazi ngumu hata kwa fundi, maana ikishadabaghiwa vinyweleo hudanganya. Vinasaba navyo havisaidii sana, kwa sababu dawa za kudabaghi huviharibu na kila msomaji huacha vyake kwenye jalada. Kwa hiyo wataalamu huchukua kijipande kidogo mno, huivunjavunja kolajeni yake kwa kimeng'enya, kisha hupima uzito wa vipande vya protini, kwani kila jamii ya wanyama ina mpangilio wake. Kufikia mwaka 2020, kati ya vitabu 31 vilivyopimwa hivyo, 18 vilithibitika kuwa vya ngozi ya binadamu.

Kitabu cha Houssaye, ambacho nacho kiko Harvard, kilikuwa miongoni mwake. Uongozi wa maktaba umekiri kwamba zamani wanafunzi waliofanya kazi pale walitaniwa kwa kutumwa kukileta bila kuambiwa wanashika nini. Machi 2024 ulitangaza kwamba jalada limevuliwa na kwamba unatafuta njia ya heshima ya kuyahifadhi masalia hayo.

Nilipokuwa mtoto kijijini Kongwa, mjomba alikatwa mguu hospitalini, na swali la kwanza la bibi, kabla hata ya kuuliza kama mwanawe ataishi, lilikuwa mguu umezikwa wapi. Nilimkumbuka niliposoma habari za John Horwood wa Bristol, Uingereza, aliyenyongwa tarehe 13 Aprili 1821 akiwa na miaka 18 kwa kumpiga jiwe msichana ambaye baadaye alifariki. Daktari Richard Smith ndiye aliyempasua msichana yule kichwa kujaribu kumtibu, ndiye aliyetoa ushahidi dhidi ya kijana mahakamani, na ndiye aliyekabidhiwa maiti yake, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliwanyima wauaji maziko. Smith alijalidi kumbukumbu za kesi kwa ngozi ya Horwood, na mifupa ikabaki ikining'inia kabatini kwa vizazi.

Mifupa hiyo ilizikwa tarehe 13 Aprili 2011, miaka 190 kamili tangu siku ya kunyongwa. Kitabu hakikuzikwa pamoja nayo. Kimo katika hifadhi ya jumba la makumbusho huko huko Bristol, na juu ya jalada lake, kwa herufi za dhahabu, bado yanasomeka maneno ya Kilatini yenye maana ya ngozi halisi ya John Horwood.