Koti la babu na ndege ya Tanga

Mtu akiniletea picha ya ndege ya zamani, kitu cha kwanza ninachokiweka kando ni rangi. Filamu nyingi za enzi hizo hazikuuona wekundu: ndege nyekundu ilitoka nyeusi, na ya buluu ikafifia hadi karibu na weupe. Isitoshe, ndege zilipakwa rangi upya kila zilipopata mwenyewe mpya. Umbo ndilo lisilodanganya upesi. Ncha ya bawa, mkia, idadi ya madirisha, na zaidi ya yote, jinsi gurudumu lilivyoshikizwa.

Wiki hii picha iliyonikalisha macho usiku ni ya kwetu wenyewe. Imetoka kwenye sanduku la marehemu bibi, Tanga. Mama mkubwa alinitumia kwanza kwa simu, lakini picha za simu hubanwa mno, na kinachopotea ndicho hasa ninachokitafuta. Nikamsihi, akaifunga vizuri, akampa kondakta wa basi, ikanifikia salama.

Babu amesimama mbele ya ndege, amevaa koti zito la jeshi, debe mkononi. Nyuma yake kuna wanaume wawili. Mmoja kapanda juu ya bawa la chini na ameshika faneli. Petroli ya ndege ilikuwa ikiletwa viwanjani kwa madebe ya galoni 4, ikamiminwa kwenye tangi kupitia ngozi laini iliyochuja maji na uchafu. Kwa kioo cha kukuzia, ngozi hiyo inaonekana kabisa, imelowa na kulegea ndani ya faneli.

Ndege ina mabawa mawili kila upande, la juu na la chini, yaliyoungwa kwa nguzo na waya, na injini mbili. Kwa huku kwetu hilo hukupeleka moja kwa moja kwa de Havilland, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza ndege. Lakini ipi? Express nikaiondoa mapema, maana ina injini nne. Zikabaki Dragon, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1932, na Dragon Rapide ya mwaka 1934, na hizi mbili huchanganywa kila siku. Bawa la Dragon lina upana uleule karibu mpaka mwisho. La Rapide linazidi kuwa jembamba kadiri linavyokwenda nje, mpaka ncha inakuwa kama ya kisu. Kisha magurudumu: kwenye Rapide kuna ganda kubwa linaloshuka kutoka chini ya injini na kulifunika gurudumu karibu lote. Kwenye picha yetu linaonekana pindo tu la tairi, jeusi, limegusa majani. Hiyo ni Rapide, sina shaka nayo. Mbao na kitambaa, injini mbili za Gipsy Six za nguvu farasi 200 kila moja.

Na hapo ndipo ubishi wa familia ulipoanza upya. Mama mkubwa anasema babu alifanya kazi uwanjani kabla ya vita. Mjomba anasema baada. Herufi za ubavuni zingemaliza kesi, lakini bega la babu limezikinga. Inasomeka VP-K peke yake, yaani ndege imeandikishwa Kenya, kisha koti. Rapide ya Kenya iliyotua Tanga ingeweza kuwa ya Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha Bi. Florence Kerr Wilson jijini Nairobi mwaka 1929, ambayo safari zake zilikoma vita vilipoanza mwaka 1939. Au ingeweza kuwa ya East African Airways, iliyoanza kazi Januari 1946 ikiwa na Rapide 6. Ndege ni ileile, umbo lilelile. Ndege peke yake haikuweza kunijibu.

Kwanza nilihakikisha picha haikusafishwa kinyume, maana hilo hutokea na huvuruga kila kitu. Herufi zinasomeka sawa, na vifungo vya koti viko upande wa kiume. Kisha nikalirudia lile koti. Kifuani, juu ya mfuko, kuna kitu kinachong'aa. Nilikikuza kwenye skana mpaka karatasi yenyewe ikaanza kuonyesha chembe zake. Ni nyota ya ncha 6, inaning'inia kwenye utepe wenye mstari mpana katikati. Nyota za namna hiyo walipewa askari waliopigana katika Vita Kuu ya Pili, na babu alikwenda Burma na KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Ile ya Burma ilianzishwa mwaka 1945. Basi picha haiwezi kuwa ya kabla ya vita.

Nilipompigia mama mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, nilikuwa nimeshazaliwa." Nilimsikia akimwita mjomba kwa sauti.

Watu huniuliza kwa nini nahangaika na mabomba na mbao zilizokwisha oza. Kwangu mimi ndege ni mlango wa kuingilia. Bado natamani siku moja nikutane na picha ya Avro Five, ndege ndogo ya injini tatu ambayo zilitengenezwa 4 tu duniani, na 2 kati ya hizo zikaja Nairobi kwa Bi. Wilson. Hakika iko picha yake kwenye albamu ya mtu fulani Nakuru au Kisumu, na mwenye albamu hajui. Lakini hata siku hiyo ikifika, najua nitaanza kwa kuwatazama waliosimama pembeni. Daftari za serikali zilihifadhi herufi za kila ndege na majina ya waliozimiliki. Aliyebeba debe hakuandikwa popote.

Nimeandika nyuma ya picha, kwa penseli laini: Dragon Rapide, VP-K, Tanga, baada ya vita, na jina la babu. Wale wawili wengine bado. Mjomba anadhani huyo wa kwenye bawa ni mtu wa Pangani, na kwamba binti yake yu hai. Jumamosi tunakwenda kumuuliza.