Bawe, fungu na Changuu kwa maji ya bamvua

Kabla hujampigia mtu simu kuulizia boti ya kwenda visiwa vya Bawe na Changuu, tazama mwezi. Kalenda ya ukutani yenye sikukuu zake nyekundu haitakusaidia. Hapa Unguja mjini, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inapwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kabisa kiasi cha saa kumi jioni, na baina ya kupwa na kujaa kina kinaweza kutofautiana kwa mita 4. Kila siku inayofuata, saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Wiki moja ikipita mambo yamepinduka: asubuhi maji yamejaa, jioni ndiyo yanapwa, tena kivivu, maana hayo ni maji mafu. Wauzaji wa safari hawakuambii haya. Wao kila siku wanaondoka saa tatu. Ndiyo maana mtu mmoja anarudi akilisifu Nakupenda, fungu la mchanga linaloibuka baharini maji yakipwa, hadi anakukera, na mwingine anarudi akisema alisimama juu ya mchanga usiotosha jamvi, viatu mkononi.

Sisi tulipangiwa siku na nahodha mwenyewe. Ni kijana wa mtaani kwetu, baba yake alikuwa mvuvi wa mshipi na yeye pia alivua kabla hajaanza kubeba watu. Nilipomwambia tunataka Jumapili ya mwanzo wa mwezi wa kalenda alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema: "Dada, hiyo nitakupeleka nikupe hasara. Njoo inayofuata." Nikamwamini papo hapo. Mfanyabiashara anayekataa pesa ya leo namjua thamani yake, nami nauza vitambaa Darajani miaka yote hii.

Boti ilikuwa ya kuchangia. Upande wetu tulikuwa mimi, binti wa mjomba, mtoto wa dada yangu anayesoma sekondari, na shemeji aliyekuja kwa ajili ya chakula na hakuficha. Nahodha akatujazia nafasi kwa wauguzi wawili wa Wete waliokuwa mjini kwa mafunzo, vijana kadhaa wa chuo, na bwana mmoja na mkewe kutoka Dodoma ambao walikuwa hawajawahi kuingia baharini hata magotini. Kuchangia boti kuna raha yake, na kuna adha yake: unakaa siku nzima goti kwa goti na watu usiowajua, na ukishuka unajua nani ana presha na mtoto wa nani hajaoa.

Mama alikuwa na sharti moja tu, jaketi la kuokolea maisha kwa kila kichwa, na livaliwe, lisikaliwe. Hapa kwetu hilo si jambo la kubishana. Tangu kuzama kwa meli ya Spice Islander Septemba 2011 na ya Skagit Julai 2012, kuna nyumba nyingi mjini na Pemba ambazo ukitaja safari ya bahari mtu anainuka na kwenda jikoni. Nahodha aliyagawa majaketi tukiwa bado mchangani, akazifunga kamba kwa mkono wake mmoja mmoja, hata wale wauguzi waliomwambia wamekulia baharini. "Najua, mama zangu. Funga."

Saa mbili na nusu pwani ya Mizingani maji yalikuwa yameshakwenda mbali, boti inatusubiri huko chini, tukatembea kwenye mchanga mbichi tumebeba vyungu. Papasi mmoja, wale vijana wanaowafukuzia watalii, akamkimbilia binti wa mjomba na "jambo, jambo", tukajua miwani yake ya jua imeshamgeuza mgeni. Akamjibu kwa Kimakunduchi. Papasi akaomba radhi, akatusaidia kubeba ndoo ya barafu.

Mji ukiutazama kutoka baharini unakuwa mwingine. Forodhani, Ngome Kongwe, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, vyote vinajipanga mstari mmoja, na pale katikati Beit al-Ajaib, jumba la 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukipita barabarani unaona uzio na mabati tu. Ukiwa baharini ndipo unaona hasa kilichopungua. Boti nzima ilinyamaza kidogo, kisha shemeji akauliza kama chapati zimefungwa vizuri.

Upande wa kulia tukakiacha kisiwa cha Chapwani, chenye popo wake na makaburi ya mabaharia wa Kiingereza. Baadhi yao ni wa manowari ya Pegasus, iliyozamishwa na manowari ya Wajerumani, Königsberg, asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, palepale mbele ya mji. Mtoto wa dada yangu alitaka tushuke. Nahodha akamwonyesha maji: "Tukishuka hapa, Bawe tutafika mkondo umeamka."

Na Bawe ndiko nilikokutaka mimi. Kisiwani hatukushuka, siku hizi kuna hoteli. Zamani kulikuwa na kituo cha nyaya za telegrafu za chini ya bahari za kampuni ya Eastern Telegraph. Tulichokifuata kiko nje, kwenye miamba. Tulifika maji yanakaribia kusimama. Kuna muda mfupi hivi, bahari imemaliza kupwa na bado haijaanza kujaa, mkondo unalala, na kwa kuwa maji ni machache jua linafika chini kabisa. Nahodha hakutupa nanga. Alikuwa na baharia wake kijana, akaruka na kamba akaifunga kwenye boya lililokuwepo pale. Nanga moja ikiburutwa juu ya matumbawe inavunja kitu kilichochukua miaka kuota, na wapo wanaoitupa kila siku.

Sasa mavazi, maana wanawake wengi wananiuliza hilo kabla ya jingine. Msivae pamba. Pamba inakunywa maji, inakuwa nzito, inakuvuta chini na kukupanda shingoni. Dera ndiyo usithubutu kabisa, litafunguka juu ya maji na utahangaika nalo badala ya kuogelea. Mimi nilishona mwenyewe: kitambaa cha kuvutika kile cha nguo za michezo, suruali hadi kifundoni, juu mikono mirefu na kanzu fupi inayofika mapajani, iliyobanwa na mkanda ili isielee. Kichwani kofia ya kitambaa hichohicho iliyoshuka hadi kifuani. Rangi nilichagua bluu iliyoiva, isiyoonyesha kitu ikilowa. Nilikuwa na stara kuliko nikiwa dukani, na jua halikunigusa mgongo.

Kuhusu miwani ya kuzamia, somo nilipewa na mtoto wa dada. Tema mate ndani ya kioo, sugua kwa kidole, suuza mara moja, vaa. Usipofanya hivyo inajaa ukungu na huoni hata mkono wako. Halafu uma ule mrija, ziba midomo kuuzunguka, pumua kwa kinywa. Pua iko ndani ya miwani, haina kazi. Mwili unakataa. Umeambiwa tangu utotoni ukitia uso majini uzuie pumzi, na hapa unaambiwa uvute. Nilishika ubao wa boti kwa mkono mmoja, nikatia uso, nikavuta, hewa ikaja. Nikavuta tena. Nikauachia ubao.

Nitaeleza nilichokiona cha kwanza, kwa sababu sikukitarajia: kilikuwa ni sauti. Nilidhani chini kuna kimya. Kumbe kuna kitu kinatafuna, kr, kr, kr, wazi kabisa masikioni. Nikageuka nikamwona pono, buluu na kijani na waridi kidogo mdomoni, ameuinamia mwamba anaugugunda kwa yale meno yake yaliyoungana. Sisi pono tunamjua kwa usingizi, mtu akilala fofofo tunamtaja yeye. Mchana hana usingizi wowote. Anakwangua mwani unaoota juu ya matumbawe, anameza na jiwe lenyewe, analisaga, na kinachotoka nyuma yake ni mchanga. Mmoja akaachia mbele yangu, wingu jeupe likashuka polepole chini. Mchanga mweupe tunaoupigia picha una mkono wake mkubwa humo, niliwaambia wenzangu baadaye wakati wa kula, na binti wa mjomba akaniomba nisubiri amalize.

Kisha kitatange, wawili wawili, wembamba, wana njano ambayo miye siwezi kuiagiza, kiwanda hakijaipata. Na samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anaishi ndani ya kichaka cha vidole laini vinavyochezacheza. Nilisogea karibu. Akatoka akanijia usoni, mdogo kuliko kidole gumba, amekasirika, ananifukuza kwake. Nikarudi nyuma kwa adabu. Chini kwenye mianya walijaa wale weusi wa miba mirefu, ndiyo sababu ya pili ya kutosimama juu ya mwamba. Ya kwanza ni kwamba mwamba wenyewe u hai.

Si kote uhai. Kuna sehemu matumbawe ni ya kijivu, yamelala vipande vipande, yameota majani. Nahodha aliniambia hapo zamani palifunga, sasa pana uwazi. Miaka ile ya joto, 1998 na tena 2016, maji ya bahari yetu yalipata moto kupita kiasi na matumbawe yakapauka, mengine yakarudi, mengine ndiyo hayo. Wauguzi wa Wete walikuwa wanazama bila jaketi wala mapezi ya mpira, wanakaa chini, wanaibuka wamecheka. Mke wa bwana wa Dodoma aliingia kabla ya mumewe. Mumewe alibaki ameshika ngazi na kumpa maelekezo, hadi baharia alipomvisha miwani na kumwambia atie uso tu, asiende popote. Tukasikia anapiga kelele ndani ya mrija. Alipoinuka alikuwa anataka kujua yule samaki wa njano anauzwaje.

Maji yalipoanza kusukuma, nahodha alipiga mluzi. Saa tano na ushei tuko njiani kwenda fungu.

Fungu wakati ule lilikuwa kubwa, refu, jeupe hadi linaumiza macho, na boti kibao zimeshaegesha. Hapa nina kinyongo. Vijana wa boti moja waliokota viti vya pweza kutoka majini, vile viumbe vya umbo la nyota, vyekundu vyenye vinundu, wakavipanga mchangani ili wageni wavishike wapige picha. Wengine wakawawekea watoto kichwani. Kiti cha pweza kinavuta hewa kutoka majini, ukikitoa kinakufa, hata ukikirudisha baadaye na kikaonekana kizima. Muuguzi mmoja, mdogo kwa umbo, alikwenda akawasalimia vizuri, akawauliza na wao wakiwekwa kichwa ndani ya ndoo kwa dakika kadhaa wangependa. Wakavirudisha. Alipokwenda zake, sijui.

Tukala. Wali wa nazi niliupika alfajiri, ukaja umebanwa chunguni bado wa vuguvugu. Changu na pweza walichomwa palepale na baharia, juu ya makaa aliyoyaleta kwenye sufuria lililotobolewa. Kachumbari, pilipili ya embe, chapati za shemeji ambazo shemeji alizilinda hadi mwisho. Na kwa kuwa ilikuwa Januari, shokishoki, maganda tuliyarudisha kwenye mfuko. Wa chuo walikuja na biskuti tu, tukawalisha, wao wakaosha vyombo kwa mchanga na maji ya chumvi.

Huku tunakula, fungu lilikuwa linaliwa. Halifunikwi kutoka mwisho mmoja, maji yanaingia pande zote mbili, na katikati hutokea ulimi wa maji unaotenganisha watu. Meza na miamvuli ya makampuni ilihamishwa, ikahamishwa tena. Sisi tulikuwa na mkeka tu, tukauvuta. Wageni wengine walishtuka, walidhani kuna hatari. Bwana wa Dodoma alisimama akatazama mchanga ukipungua, akamuuliza nahodha kwa sauti ya chini, "Huwa yanakumbuka kurudi?" Nahodha akamwambia saa nne kesho, na kidogo. Saa saba na nusu tulipanda boti kutoka ndani ya maji ya mapaja.

Changuu sitawachosha. Maji yalikuwa yamejaa, boti ikafika hadi ngazi za gati bila mtu kulowa, hiyo nayo ni kazi ya bamvua. Kobe wapo, wakubwa ajabu, umri umeandikwa kwa rangi juu ya magamba, kizazi cha wale walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Waliibiwa sana miaka ya nyuma, sasa wamewekewa ua na wameongezeka. Unanunua mchicha unawalisha, shingo inatoka taratibu, ulimi wa waridi, wanauma kweli kwa hiyo shika shina mbali. Jengo la gereza lilijengwa miaka ya 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa Sultani, na wafungwa halikuwapata. Kikawa kisiwa cha karantini, abiria wa meli wakikalishwa humo wasubiri kuonekana kama wana maradhi. Nilikitazama kisiwa hiki kutoka Forodhani tangu nina akili, na nadhani ningetosheka kuendelea kukitazama. Lakini vijana wa chuo walipapenda, na kuchangia ni kuchangia.

Tulirudi saa kumi na moja, kaskazi imetulia, kila mtu ana chumvi usoni. Bwana wa Dodoma alihamia nyuma kwa nahodha na kuanza hesabu: boti kama hii inaweza kuwa milioni ngapi. Nahodha akapiga ubao kwa kiganja. "Hii? Hii mbao tu, mzee wangu. Uliza bei ya mashine." Akaitaja. Mkewe akacheka hadi akashika ubao, na bwana akarudi kukaa mahali pake.