Siku moja maishani mwangu: kishikwambi kimoja, watoto tisini na kitu

Saa 11:00 alfajiri
Naamka mapema kuwahi umeme. Ukiwepo alfajiri usiuache, kwa hiyo simu, spika ndogo na kishikwambi vyote naviweka kwenye chaji kabla sijapiga mswaki. Nasomea stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi, na sasa nipo kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP, kwenye shule moja hapa Muheza, Tanga. Nimepewa Darasa la Kwanza.

Kishikwambi si changu. Ni cha mwalimu mlezi wangu, mojawapo ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Aliponikabidhi aliniambia, “Mwanangu, kitunze. Kikivunjika, barua ya maelezo naandika mimi.”

Saa 12:45 asubuhi
Namba, usafi, paredi. “Shikamoo madamu” zisizo na idadi.

Saa 2:00
Kipindi cha kwanza ni Kusoma. Chuoni TEHAMA tunajifunzia kwenye chumba chenye projekta na pazia zito. Hapa darasani hakuna soketi, na kioo cha kishikwambi ukikiinua juu, mtoto wa dawati la tatu anaona mwanga tu. Wa nyuma anaona visogo vya wenzake. Ndiyo maana picha nimeachana nazo. Sauti inafika mpaka dirishani.

Leo nawachezea sauti nilizorekodi mwenyewe mtaani: kuku, pikipiki, mtu anatwanga, mvua juu ya bati. Wanafumba macho, wanasikiliza, wanataja. Halafu nauliza: kuku anaanza na sauti gani? Nataka /k/, sitaki jina la herufi. Pikipiki je? Hapo darasa zima linageuka kituo cha bodaboda, nami nasubiri wapoe. Baada ya hapo tunaandika herufi hewani, kisha kwenye daftari. Mashine imefanya kazi dakika tano tu ndani ya kipindi cha nusu saa, na kwangu zinatosha kabisa.

Saa 4:15
Uji. Ofisini mazungumzo yanarudi kwenye habari ambayo kila mtu wa Tanga anayesomea ualimu anapaswa kuijua. Kati ya 2017 na 2019, mkoa wetu ndio uliotumika kwa majaribio ya Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe. Watoto karibu 3,000, katika vijiji 170 hivi, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wao hawakuwa wakienda shule. Chaji ilitoka kwenye sola. Mwaka 2019 timu mbili za watengenezaji wa programu hizo, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10 za Marekani.

Mwalimu mmoja mkongwe anauliza, “Sasa kama kishikwambi kinafundisha peke yake, nyie mnasomea nini?” Watu wanacheka. Mimi naona swali lake ni zuri, ila limeruka jambo moja: kule kila mtoto alikuwa na chake. Alikosea, akarudia, hakuna aliyemcheka wala kumsubiri. Mimi ninacho kimoja. Nikiwapanga foleni ili kila mmoja akiguse, kipindi kitaisha na mtoto kaambulia sekunde ishirini. Kwa hiyo siigi programu zao. Naiba wazo tu: mtoto asikilizwe peke yake.

Saa 5:00
Wakati mwalimu mlezi akiwa na darasa kwenye Kuhesabu, vizibo vya soda mezani, mimi nawatoa watoto sita sita chini ya mwembe. Kila mmoja anasoma sentensi tatu za kitabuni, mimi narekodi. Mwalimu mkuu ameniruhusu, kwa sharti kwamba sauti hazitoki nje ya shule na nazifuta nikishamaliza kuzisikiliza.

Wakisikia sauti zao wanabana pua kwa kicheko. Halafu wanasema, “Madamu, tena!” Na safari ya pili wanasoma taratibu zaidi bila kuambiwa.

Saa 8:00 mchana
Walimu wawili wananiita niwaonyeshe Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Bure kwa maana ya kitabu. Bando ni lako.

Saa 1:30 usiku
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Navaa visikilizio, daftari pembeni. Darasani tunasoma kwa pamoja, mwalimu anaongoza na watoto wanaitikia, na ile kwaya inapendeza hadi mkaguzi anaweza kutabasamu. Lakini kwaya inaficha watu. Kuna mtoto mchangamfu wa dawati la mbele, kidole juu kila mara, ningeapa anasoma. Kitabu kimeandika “Baba amebeba kuni.” Yeye kwenye rekodi, bila kusita: “Baba anatoka shamba.” Anasoma picha! Sentensi inayofuata haina picha, na hapo anakaa kimya mpaka nasikia nzi.

Wengine wawili wanasoma vizuri mpaka wakutane na mba, nda, nywe. Binti mmoja mpole, ambaye huwa hasikiki kabisa, amesoma sentensi zote tatu bila kukwama.

Naandika andalio la kesho upya. Mchangamfu wangu nitamfunika picha kwa kipande cha karatasi nimwanzishe na silabi za kawaida, ba na ka. Wale wawili nitawatengenezea kadi za silabi za konsonanti mbili na tatu kutoka kwenye boksi la sabuni. Binti mpole ndiye atakayeongoza kusoma, kama atakubali. Kwenye safu ya zana naandika: kadi, vizibo, kitabu, spika. Mkufunzi wa chuo anakuja kunikagua wiki hii, na najua ataniuliza picha za video ziko wapi.