Kwa hiyo hakukimbia?

Wiki nzima swali moja linanizunguka kichwani kama nzi. Mitihani ya nusu muhula imepita, Baba katoka wodini Jumanne, mahari ya Rehema imepokelewa, na mimi bado niko mezani Jumapili usiku na Neema na daftari lake.

Mwanariadha anazunguka uwanja wa mita 400 kwa sekunde 80, anarudi alipoanzia. Tafuta spidi ya wastani na velositi ya wastani. Spidi aliipata chap: 400 gawa kwa 80, mita 5 kwa sekunde. Kwenye velositi, yaani umbali wa moja kwa moja kutoka alipoanzia hadi alipoishia, pamoja na uelekeo wake, gawa kwa muda, nikamwambia ni sifuri. Akaweka kalamu chini.

"Mama mdogo, kwa hiyo hakukimbia?"

"Andika sifuri, endelea."

Andika sifuri, endelea! Miaka yote hii ya chaki, nikamjibu hivyo.

Ningemsimamisha yule mkimbiaji katikati. Uwanja wa kawaida una pande mbili zilizonyooka, mita 84.39 kila moja, na kona mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Kwa nusu mzunguko, miguu imekula mita 200 kwa sekunde 40. Spidi ni ileile 5. Lakini vuta kamba ikatishe majani, kutoka mstari wa kuanzia hadi aliposimama: inapata mita 112 hivi. Gawa kwa 40, ni 2.8, na utaje inaelekea wapi, la sivyo hiyo bado si velositi. Akiendelea, kamba inarefuka kidogo kwenye kona, halafu inafupika, inafupika, mpaka akigusa mstari haina urefu tena. Sifuri ni ya kamba. Miguu ina mita zake 400.

Alhamisi nikachukua sinia la pilau, lile la duara refu, punje ya mbaazi na uzi wa cherehani. Yeye anasukuma punje ukingoni, mimi nashika uzi. Punje iliporudi mwanzo, uzi ukalala wote mkononi mwangu. "Aaah! Kumbe!" Nilicheka mpaka Baba akauliza kuna nini.

Kisha akaniangusha palepale. Gari limekwenda kilomita 120 kwa spidi ya 60 kwa saa, likarudi kwa 40. Akaandika wastani 50. Hapana, mwanangu: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 gawa kwa 5, ni 48. Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, ndiyo maana. Na saa 1 na dakika 20 kaiandika 1.20, ugonjwa wa darasa zima. Dakika 80 gawa kwa 60 ni 1.33.

Kesho tutabadili vipimo: kilomita 54 kwa saa, zidisha kwa 1000, gawa kwa 3600, mita 15 kwa sekunde.

Tangi la juu limeanza tena kudondosha maji usiku, na fundi tangu juzi hapokei simu.