Mkono wa kulia wa mamangu

Mamangu aliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu ya Majengo wakati wa mvua za masika, akaangukia mkono wa kulia. Mkono ukawa waning'inia pale kati ya bega na kiwiko, mahali pasipo na kiungo, yani kuuangalia tu nilihisi tumbo lanisokota.

Mamkubwa alipofika akasema mara moja twende kwa mkandaji, Kisauni, kashaunga watu wengi yule. Mie nikakataa, nikasema Mamkubwa niwie radhi lakini huu mkono ukapigwe picha kwanza, na tukaitisha tuktuk.

Hospitalini daktari hata kabla ya eksirei alimwambia, "Mama, hebu inua kiganja juu, nyoosha na kidole gumba." Akainua, kwa uchungu lakini akainua. Ndo daktari akanieleza kwamba kuna mshipa wa fahamu umeuzunguka ule mfupa kwa nyuma kama kamba ya mzabibu, umelalia mfupa wenyewe, na huo ndo unaoinua kiganja, ukiumia mkono waanguka kwenye kifundo na hauinuki. Sasa fikiria vipande vyenye ncha viko hapo hapo halafu mtu aje akande! Mamkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, akanyamaza.

Hawakukimbilia kisu. Daktari alisema mivunjiko mingi ya hapo huunga kwa kufungwa tu, so akafungwa na tukarudi nyumbani, lakini picha ya kliniki ilofuata ilionyesha vipande vimeachana na mkono umeanza kupinda, na mamangu usingizi hapati, alala kakaa kwenye kiti. Hapo ndo likaja neno la kuwekwa chuma.

Mie nilidhani watampasua kutoka bega mpaka kiwiko maana jirani yetu ana kovu la hivyo. Daktari akasema la, atakata sehemu mbili ndogo kwa mbele, moja karibu na bega na nyengine juu ya kiwiko, halafu bamba la chuma lipenyezwe chini ya nyama likiwa limelalia mfupa, wakitizama kwenye skrini ya mashine ya eksirei hapo hapo thieta, skrubu zaingia juu na chini basi. Pale penyewe palipovunjika hapafunguliwi. Nikauliza kwani si bora waone wanachofanya? Akasema damu ilokusanyika pale ndo mwanzo wa mfupa mpya, na ile ngozi nyembamba ya mfupa ndo yaulisha, ukiibandua yote waweza kuchelewesha kuunga. Na wanapopenyeza bamba, kiganja hugeuzwa kitizame juu ili ule mshipa ukae mbali na chuma. Hilo la kugeuza kiganja lilinitia moyo sana, sijui kwa nini, naona ni kwa vile lilionyesha mtu anayejua anachopita karibu nacho.

Mamangu alipoamka kwenye nusukaputi bado ulimi mzito, mie sikumuuliza waumwa wapi. Nilimwambia, "Mama, inua kiganja." Akainua! Nililia pale pale mbele ya manesi.

Mazoezi yalianza mapema kuliko tulivyotarajia. Ainama, aachia mkono uning'inie, auzungusha taratibu, na Mamkubwa ndo alokuwa akimsimamia kila baada ya Alasiri, mkali kushinda mtu wa fizio. Kubeba ndoo na kukanda unga wa mahamri alikatazwa mpaka picha ionyeshe mfupa umeunga, na hilo lilimkera kuliko maumivu, wateja wake walikuwa wanauliza kila asubuhi.

Picha ya mwisho mfupa ulikuwa umeshika kabisa, pale palipoachana pamejaa. Mamangu akauliza chuma kitatolewa lini. Daktari akasema kama hakimsumbui hakuna haja, chaweza kukaa humo maisha. Akafikiri kidogo, akasema, "Haya, nikiruhusiwa kukanda unga nacho, nakikae." Akaruhusiwa.