Siku moja maishani mwangu: fundi baiskeli, Ngamiani

Saa 12 asubuhi. Kijiwe changu kiko chini ya mwarobaini, Ngamiani, Tanga. Natandika gunia, naning'iniza tyubu, pampu naiweka mbele. Jua likianza kuchoma nimeshaziba pancha nne.

Saa 2. Mzee wa maziwa na Phoenix yake, pini ya mkono wa pedeli imelegea. Nagonga mpya, nakaza nati, kaondoka. Phoenix naipendea hilo: spana mbili, nyundo na bisibisi, unaifungua hadi gololi. Marehemu baba aliifanya kazi hii mpaka uzeeni kwa spana zilezile alizoanza nazo.

Saa 4. Kijana kanunua tairi la 26, haliingii. Baiskeli yake ni mtumba wa Kijapani, ile ya kikapu, na 26 ya rimu yake ni milimita 590. 26 ya baiskeli ya milimani ni 559. Zote zinaitwa 26! Namwonyesha namba ndogo ubavuni mwa tairi, ananitazama kama vile nimeziandika mimi.

Saa 5 na kitu ndipo siku ilipoharibika. Kaka mmoja wa ofisini, baiskeli ya mtumba lakini ya kisasa, inalia kre-kre kila akikanyaga. Vikombe vipya vya ekseli ya pedeli, vile vya beringi vinavyofungwa kwa uzi kwenye fremu, kavinunua Dar, anavyo kwenye mfuko. "Fundi, badilisha tu, dakika kumi."

Nikatabasamu, maana spana ya vikombe hivyo ninayo. Nilijinyima siku nne kuinunua: meno 16, kipenyo milimita 44. Naivalisha kikombe kipya, inacheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Nahesabu meno ya kikombe: 16. Napima kipenyo: 39. Kiwanda ni kilekile cha vikombe vya 44! Sijui nani aliwalalamikia kwamba 44 ni kubwa.

Nikamweleza.

"Si baiskeli tu, fundi? Gonga kwa tindo."

Vya zamani ningevigonga, vinatupwa. Vipya je, nivikaze kwa zana gani? Vikilegea njiani vinakula uzi wa fremu, na fremu ikishaliwa uzi, kwa zana zangu sina la kufanya.

"Basi sema huijui kazi."

Miaka 19 nakaa juu ya gunia hili. Nikameza mate, nikapanda baiskeli yangu hadi kwa fundi wa kuchomelea. Umeme hakuna. Nikakaa kibarazani kwake nikihesabu wateja wanaonipita kijiweni. Ulipowaka tukakata kipande cha bomba, tukatoboa matundu manne, tukapenyeza bolti nne zikae badala ya meno, tukachomelea mpini wa nondo. Kuzipata ncha zikae sawasawa kwenye mifereji ya kikombe ilikuwa piga tupa, jaribu, piga tupa, jaribu, mpaka vidole vikafa ganzi. Elfu nne nikamlipa.

Narudi, adhana ya alasiri imeshapita, chai sijanywa. Dogo anayejifunza kwangu kashika kikombe cha zamani cha upande wa mnyororo, anakizungusha kinyume. Cha upande ule, mwanangu, kinafunguka kwa kuzungusha kana kwamba unakaza! Nikamnyang'anya. Saa zenyewe sikuziangalia tena.

Vikaingia. Vikakaza. Nikaipanda mwenyewe mpaka kona na kurudi: kimya.

"Elfu kumi."

"Kwa kuzungusha vikombe viwili?" Akatoa saba, akaniangalia kama ananisaidia. Nikapokea, giza linaingia.

Akiwa ameshakaa kwenye siti akakumbuka kitu, akacheka. "Halafu kwenye boksi la vile vikombe kulikuwa na kiduara cheusi cha plastiki, kina meno. Nikampa mwanangu, anakifanya usukani wa gari."

Nikaichukua spana yangu ya 44, nikalitazama tundu lake: kiduara kile ndicho cha kuvalisha humo ili ishike 39.

"Kina meno ndani na nje?"

"Nadhani ndani na nje, ndiyo."

"Kesho niletee," nikamwambia. "Mtoto mnunulie pipi."